Mpwa wa mtawala mbele ya kamera ya nje: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachosimuliwa hapa kinahusu mahojiano ambayo mwanamke mmoja, mpwa wa mtawala wa nchi inayoongozwa kimabavu, alikipa chombo cha habari cha nje. Jina la nchi, la chombo, la familia na tarehe zote vimeondolewa, na mambo madogo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa bila kugusa mpangilio wa matukio wala sababu za maamuzi. Mwanamke huyo anaitwa humu Bi. Z.; aliyemhoji anaitwa Mwandishi; na mkuu wa dawati lililobeba jukumu la kuamua anaitwa Mhariri. Visa vinavyotajwa kwa majina ni vya watu waliokwisha kujulikana hadharani, na vingi vyake wahariri wenyewe walivirejea wakati wa kuamua.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu mahojiano yenyewe, kwa kipimo cha kawaida cha kazi hii, yalikuwa mazuri. Yalihakikiwa kwa uangalifu, yalileta jambo jipya, na msemaji mwenyewe hakuguswa na mtu. Aliyeumia ni muuguzi ambaye hakutajwa hata mara moja katika vikao vya chumba cha habari kabla ya mahojiano kurushwa. Uchambuzi huu unajaribu kueleza ilikuwaje watu makini, waliojiuliza maswali mengi ya usalama, wasimwone.

Usuli

Bi. Z. ni binti wa dada wa mtawala. Alilelewa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, ambako mtawala alikuwa akifika kula hata baada ya kushika madaraka, na ambako mambo ya serikali yalizungumzwa mezani mbele ya watoto kana kwamba ni mambo ya ukoo. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi miaka kadhaa katika kampuni ya familia iliyokuwa ikipewa zabuni za serikali, kisha akaenda nje kusoma, akabaki huko, na hatimaye akapata kibali cha kudumu cha ukaazi. Mama yake alibaki nyumbani, mgonjwa wa muda mrefu, pasipoti yake ikishikiliwa na idara ya usalama. Kaka yake naye alibaki, akisimamia sehemu ya biashara za familia.

Kabla ya Bi. Z. kuwasiliana na chombo cha habari kulikuwa na ugomvi wa mali. Hisa za mama yake katika kampuni zilihamishiwa kwa binamu mwingine bila mama kuulizwa, na malalamiko ya Bi. Z. kwa wazee wa familia hayakujibiwa. Kwa hiyo aliyefika kwa Mwandishi alikuwa na sababu mbili zilizofungamana, dhamiri iliyomsuta kwa aliyoyaona na uchungu wa mali iliyochukuliwa, na hakuna kati ya hizo iliyokuwa ya uongo. Inafaa kusema wazi kwamba hali hiyo ndiyo ya kawaida. Jamaa wa mtawala anayejitokeza bila kinyongo chochote cha kifamilia ni nadra sana, na anayedai hana kinyongo anastahili kuhojiwa zaidi.

Uzito wa neno la jamaa unatokana na jinsi tawala hizi zilivyo. Pale ambapo bunge, mahakama na magazeti vimenyamazishwa, nani atarithi, nani atapewa mkataba na nani atatolewa gerezani ni mambo yanayoamuliwa ndani ya nyumba, na mtu wa nyumbani huwa shahidi wa shughuli za dola bila kuwa na cheo chochote. Ndiyo maana dola humhesabu anayesema kuwa msaliti mara mbili, wa nchi na wa damu yake.

Zamani jamaa alilazimika kuvuka mpaka kwanza ndipo aseme. Juanita Castro aliukana utawala wa kaka zake nchini Cuba akiwa Mexico mwaka 1964. Svetlana Alliluyeva, binti wa Stalin, aliingia ubalozi wa Marekani mjini New Delhi mwezi Machi 1967, na mwezi uliofuata alikuwa New York akizungumza na waandishi, huku watoto wake wawili wakiwa wamebaki Moscow. Siku hizi sauti hutangulia mwili. Mwezi Novemba 2022 Farideh Moradkhani, mpwa wa Ali Khamenei aliyekuwa kiongozi mkuu wa Iran wakati huo, alikamatwa nchini humo, na siku chache baadaye kaka yake aliyeko Ufaransa akasambaza video ambamo dada yake anazitaka serikali za nje zivunje uhusiano na utawala wa mjomba wake. Mabadiliko hayo yameongeza wanaosema, lakini pia yamewaweka watu wengi zaidi karibu na mkono wa dola wakati maneno yanaposikika.

Mawasiliano ya kwanza na uhakiki

Bi. Z. alituma ujumbe kwa programu iliyosimbwa, akiambatanisha picha yake ya utotoni akiwa amepakatwa na mtawala. Mwandishi alimshukuru, akamwambia kwamba picha hiyo peke yake haithibitishi lolote, na akaomba waonane ana kwa ana katika nchi alikoishi. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Picha za zamani hughushiwa, na idara za usalama zimewahi kutumia watu wanaojifanya jamaa waliokasirika ili kukipaka chombo cha habari matope kitakapochapisha habari ya uongo.

Utambulisho ulihakikiwa kwa njia tatu: picha zilizowahi kuchapishwa na magazeti ya nchi hiyo yenyewe katika sherehe za familia, watu wawili waliosoma naye ambao hawakuambiwa sababu ya kuulizwa, na nyaraka za mshahara wa kampuni. Ilichukua wiki kadhaa, na haikuacha shaka.

Kazi ngumu ilianza baada ya hapo. Mhariri alichukua karatasi, akaigawa safu tatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoambiwa na mtu aliyeona, na anayoyaamini. Kila dai la Bi. Z. liliandikwa katika safu moja tu. Mengi kati ya yale yaliyomfanya Mwandishi achangamke siku ya kwanza, hasa ugonjwa wa siri wa mtawala na amri ya mauaji ya mpinzani mmoja, yaliangukia safu ya tatu. Bi. Z. aliyaamini kwa sababu kila mtu katika familia aliyaamini, na hakuwa na njia nyingine ya kuyajua.

Safu ya kwanza ilikuwa fupi, ila ilikuwa na jambo moja lililostahili mahojiano yote. Jirani wa bibi yake alikuwa na mtoto wa kiume aliyekamatwa katika maandamano. Bibi alimwombea kijana huyo mbele ya mwanawe wakiwa mezani. Mtawala aliuliza jina kamili, akachukua pakiti ya dawa za mama yake iliyokuwa karibu na sahani, akaandika jina hilo juu yake kwa kalamu ya Bi. Z., akachana kipande na kukitia mfukoni. Kijana alirudi kwao ndani ya wiki hiyo, bila kufikishwa mahakamani kwa ajili ya kushtakiwa wala kwa ajili ya kuachiwa. Serikali ya nchi hiyo imekuwa ikisisitiza kwamba wafungwa wote wako chini ya mamlaka ya mahakama huru. Kipande cha pakiti ya dawa kilionyesha mamlaka hayo yalikuwa wapi.

Thamani ya ushahidi wa aina hii inajulikana. Mwaka 2016 Ko Yong-suk, mama mdogo wa Kim Jong Un, mtawala wa Korea Kaskazini, aliyekuwa ameishi Marekani tangu 1998, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba mpwa wake alizaliwa mwaka 1984. Alikuwa na hakika kwa sababu mwanawe mwenyewe alizaliwa mwaka huohuo na watoto hao walicheza pamoja. Hakuwa mchambuzi wa siasa na hakuhitaji kuwa mmoja. Alikuwepo. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam Hussein aliyekimbilia Jordan mwezi Agosti 1995, alikuwa na uzito wa aina nyingine, kwani alikuwa ameisimamia mwenyewe miradi ya silaha aliyoieleza kwa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa. Kwa wote wawili undugu ulifungua mlango tu; kilichoaminika ni kile walichokuwa wamesimama mbele yake.

Maamuzi kabla ya kurekodi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba Bi. Z. ataonekana kwa uso na jina. Mwandishi alikuwa amependekeza kivuli na sauti iliyobadilishwa. Mhariri alikataa, akieleza kwamba simulizi ya meza ya bibi ingemtambulisha kwa familia ndani ya dakika moja, hivyo kivuli kingewaficha ukweli watazamaji peke yao, huku dola ikijua kila kitu. Pia aliona kwamba msemaji anayejulikana ana kinga fulani katika nchi ya ugenini, maana kumdhuru kunaonekana. Kinga hiyo si kamili, na hawakumficha Bi. Z. jambo hilo. Alikumbushwa habari za Yi Han-yong, jamaa wa familia ya Kim aliyepigwa risasi Korea Kusini mwezi Februari 1997, baada ya kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1996, na za Kim Jong Nam, kaka wa kambo wa Kim Jong Un, aliyewahi kuiambia televisheni ya Japani kwamba hapendezwi na urithi wa madaraka hadi kizazi cha tatu, na aliyeuawa kwa sumu ya VX katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur tarehe 13 Februari 2017. Bi. Z. alitoa taarifa polisi wa nchi anakoishi kabla ya kurekodi, akabadilisha makazi.

Wa pili ulihusu madai ya mauaji. Yaliondolewa yote. Bi. Z. alikasirika sana, akasema chombo kinaogopa, na kwa siku kadhaa hakujibu ujumbe. Mhariri hakulegea. Alimwandikia kwamba dai lisilothibitika likikanushwa kwa ushahidi litaichukua na pakiti ya dawa pamoja nalo, na kijana aliyeachiwa kwa kipande cha karatasi atageuka hadithi ya kutunga. Hatimaye Bi. Z. alikubali.

Ugomvi wa hisa nao uliwekwa mwanzoni mwa mahojiano, kwa maneno yake mwenyewe, kabla hajaulizwa jambo jingine lolote. Mwandishi alihofu kwamba watazamaji wangeacha kumwamini. Kama tutakavyoona, hofu hiyo haikutimia.

Kisha ilirekodiwa kauli ya akiba. Wahariri walikuwa wakikumbuka jinsi video ya Sheikha Latifa, binti wa mtawala wa Dubai, iliyorekodiwa kabla hajatoroka, ilivyotolewa hadharani mwaka 2018 baada ya kukamatwa baharini, na jinsi ilivyozuia ukimya kumfunika. Bi. Z. alisema mbele ya kamera kwamba anasema kwa hiari yake, kwamba jamaa yeyote atakayemkana atakuwa ameshurutishwa, na kwamba siku yeye mwenyewe atakapoyakana maneno yake au kuomba yafutwe, watu wajue ameshikwa. Nakala ilikabidhiwa kwa wakili.

Suala la mama ndilo lililoshughulikiwa kwa udhaifu. Mhariri aliuliza kama mama anajua na amekubali. Bi. Z. alisema mama anajua. Simu ya mama ilikuwa ikisikilizwa, kwa hiyo kumuuliza moja kwa moja kungekuwa kuitangazia idara ya usalama, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini hakuna aliyeuliza swali la pili, dogo na la lazima: kama simu ya mama inasikilizwa, Bi. Z. amejuaje kwamba mama anajua? Jibu la swali hilo lilikuwa muuguzi.

Ombi la majibu ya serikali lilipelekwa saa 48 kabla ya kurushwa, badala ya wiki nzima iliyo desturi ya chombo hicho. Kulikuwa na mabishano marefu. Upande mmoja ulisema haki ya kujibu haipunguzwi kwa sababu anayelaumiwa ni mkali. Upande mwingine ulisema kila saa inayoongezwa ni saa ya kuandaa vitisho. Saa 48 zilikuwa mapatano kati ya pande hizo. Ikulu haikujibu, na jioni hiyohiyo simu ya mama ilikatika.

Kurushwa na siku zilizofuata

Mahojiano yalirushwa kwa lugha ya nchi husika na kwa lugha ya kimataifa. Kwa siku nne vyombo vya serikali havikusema neno. Siku ya tano kaka wa Bi. Z. alionekana kwenye televisheni ya taifa, akisoma karatasi, akisema dada yake amerubuniwa na maadui na kwamba ametaka mali isiyo yake. Pigo hilo halikuwa na nguvu iliyokusudiwa, kwa kuwa habari ya mali watazamaji walikuwa wameshaisikia kwa mwenyewe, mwanzoni kabisa, na kaka hakuwa na jipya la kufichua.

Vyombo vingine vya nje vilichukua mahojiano hayo kwa njia ya kusikitisha. Vingi viliacha habari ya kijana aliyeachiwa, vikashika namna mtawala anavyokula, anavyowafokea wahudumu na alivyowahi kulia mazishini. Uzito wa mateso ya watu waliofungwa bila mahakama ulipunguzwa ukawa udaku wa nyumba ya wakubwa. Chombo kilichorusha mahojiano hakina mamlaka juu ya wengine, lakini kilikuwa kimetoa vipande vifupi vya matangazo, na kimoja kati ya vitatu kilikuwa hichohicho cha chakula na hasira. Wengine walifuata mlango uliofunguliwa.

Siku hiyohiyo ya tano muuguzi aliyekuwa akimhudumia mama alichukuliwa nyumbani kwake. Habari ilimfikia Bi. Z. baada ya wiki, kupitia kwa ndugu wa mbali. Sababu ilikuwa sentensi moja ya dakika za mwisho. Bi. Z. alikuwa amesema kwamba mtawala alimtembelea dada yake mgonjwa, akakaa kando ya kitanda, akamwambia asiwe na wasiwasi juu ya wanawe kwa sababu kiti hakitatoka ndani ya nyumba. Maneno hayo yalikuwa katika safu ya pili, aliyoambiwa na mtu aliyeona, na yalitangazwa kwa tahadhari ya kawaida: “niliambiwa na mtu aliyekuwepo.”

Ziara hiyo ilifanyika miezi michache tu kabla, Bi. Z. akiwa nje kwa miaka. Chumbani walikuwemo mtawala, dada yake, mlinzi mmoja na muuguzi. Mama hakuwa na simu salama. Mlinzi hakuwa na sababu wala njia. Idara ya usalama haikuhitaji kupeleleza chochote. Ilihitaji kuhesabu tu.

Chumba cha habari kilikabiliwa na uamuzi mwingine, mgumu kuliko yote ya mwanzo: kutangaza au kunyamaza. Desturi inasema utangazaji humlinda aliyekamatwa. Mhariri aliona kwamba desturi hiyo inamfaa mtu ambaye kosa lake ni kusema. Muuguzi alikuwa akikana kwamba alisema chochote, na kutangaza habari zake kungekuwa kuthibitisha mashtaka. Wakanyamaza, wakapeleka habari zake kwa faragha kwa taasisi ya haki za binadamu inayoweza kufuatilia bila kutaja chanzo. Aliachiwa baada ya wiki tatu hivi, bila kazi na bila leseni ya uuguzi. Mahali pake kwa mama paliwekwa mhudumu aliyeletwa na serikali.

Matokeo baada ya muda

Bi. Z. hakudhurika. Kijana wa pakiti ya dawa alikuwa amekwisha kuhama nchi zamani, na alithibitisha mwenyewe kwa chombo kingine kwamba aliachiwa bila kupita mahakamani. Maelezo ya Bi. Z. kuhusu zabuni, ambayo katika mahojiano yalichukua dakika chache na hayakumvutia mtu, yalichukuliwa na waandishi wengine wa uchunguzi, yakalinganishwa na rejista za makampuni za nchi kadhaa, yakazaa habari yenye nyaraka. Habari hiyo ndiyo inayorejelewa hadi leo.

Kilichofaa

Karatasi ya safu tatu ilikuwa nguzo ya kazi yote. Iliwalinda wahariri dhidi ya kishawishi kikubwa kuliko vyote katika mahojiano ya jamaa, nacho ni kuchukulia damu kama ushahidi. Watawala wa aina hii huwaficha mambo hata watoto wao, na ndani ya familia uvumi husambaa kwa kasi ileile ya mtaani, tofauti ikiwa tu kwamba unasemwa kwa kujiamini zaidi. Bila karatasi ile, madai ya mauaji yangerushwa.

Kutanguliza ugomvi wa mali kulifaa kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Vyombo vya dola karibu kila mara huwa na silaha hii tayari: ana tamaa, ana deni, ana wivu, anatumwa na majasusi. Mara nyingine kuna chembe ya ukweli ndani yake. Juanita Castro mwenyewe alieleza mwaka 2009 kwamba aliwahi kushirikiana na CIA, na hilo halikufuta yote aliyoyashuhudia, ila lingesomeka tofauti kama lingesemwa mapema. Katika kisa hiki kaka alipoletwa mbele ya kamera, karatasi aliyosoma ilikuwa imechelewa.

Kuonekana kwa uso nako kulikuwa sahihi kwa Bi. Z. Kusichukuliwe kuwa kanuni. Kulifaa kwa sababu alikuwa na ukaazi wa kudumu, alikuwa ametoa taarifa polisi, na simulizi zake zilimtambulisha kwa vyovyote vile.

Kilichoshindwa

Kosa la msingi ni kwamba usalama ulipimwa kwa majina. Wahariri walipitia nakala nzima ya mahojiano wakifuta majina ya wahudumu, madereva na majirani, na walipomaliza waliona wamemaliza. Hatari haikuwa katika jina. Ilikuwa katika tarehe. Kila jambo ambalo jamaa aliye nje analijua, na lililotokea baada ya yeye kuondoka, limebebwa na mtu aliye ndani. Swali lililopaswa kuulizwa kwa kila sentensi ya safu ya pili ni hili: kama adui anasikiliza akijua msemaji aliondoka lini, atabaki na watu wangapi wa kushuku? Kwa sentensi ya kitandani jibu lilikuwa mmoja.

Inauma zaidi kwa sababu sentensi hiyo haikuwa na kazi kubwa. Kila mfuatiliaji wa nchi ile alikwisha kuamini kwamba urithi ungebaki katika familia. Ilibaki ndani ya mahojiano kwa uzuri wa maneno yake tu. Kipimo ambacho Mhariri alikitumia vizuri dhidi ya madai ya mauaji, yaani je, jambo hili linathibitishwa, hakikutosha hapa, kwa kuwa sentensi ilikuwa ya kweli kabisa, na ukweli wake ndio uliomponza muuguzi.

Kuna sababu ya kibinadamu pia. Katika vikao vyote “familia iliyobaki” ilimaanisha watu wa damu: mama, kaka, binamu. Waliwahesabu wenye ukoo. Wanaolisha, wanaoosha na wanaobeba ujumbe hawakuhesabiwa, ilhali ndio wanaojua zaidi na ndio wasio na mjomba Ikulu wa kuwaombea. Kaka aliyemkana dada yake alirudi kwenye biashara zake. Muuguzi hakuwa na karatasi ya kusoma kwenye televisheni, na hakuna aliyempa nafasi ya kukana hadharani. Mwenye kuchambua visa vya namna hii ataona mpangilio huo ukijirudia: adhabu hushuka ngazi hadi imkute asiye na uzito.

Bi. Z. naye alikuwa na wajibu wake, na haisaidii kumficha nyuma ya ujasiri wake. Alijua maneno yalitoka kwa nani. Lakini msemaji aliyebeba siri kwa miaka, na anayezungumza chini ya taa kwa saa nyingi, si mtu wa kuachiwa peke yake kazi ya kupima hatari. Hiyo ni kazi ya anayerekodi.

Ombi la kufuta

Miezi kadhaa baadaye Bi. Z. aliomba mahojiano yote yaondolewe. Kaka yake alikuwa amempigia akimwambia kwamba mama atapewa pasipoti na kuruhusiwa kutibiwa nje iwapo video itatoweka. Hapo kauli ya akiba ikageuka kuwa kikwazo, kwani alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba ombi kama hilo likija, watu wajue ameshikwa. Sasa alikuwa akisema hajashikwa, amechoka tu na anamtaka mama yake.

Wahariri walijadili ahadi za tawala kwa jamaa walioasi, na historia yake haifariji. Hussein Kamel alirudi Baghdad mwezi Februari 1996 kwa ahadi ya msamaha, akauawa ndani ya siku chache. Walikubaliana pia kwamba mtu ana haki ya kubadili mawazo hata kwa namna ambayo wengine hawaielewi. Svetlana Alliluyeva alirudi Moscow mwaka 1984, akaondoka tena mwaka 1986. Kuchukulia kila badiliko la moyo kuwa shuruti ni kumnyima jamaa uhuru uleule aliokuja kuutafuta.

Waliamua kuondoa sehemu ya mama na kitanda, ambayo haikupaswa kuwemo, na kubakiza habari ya zabuni na ya kijana aliyeachiwa, kwa sababu hizo zilikwisha kuthibitishwa na wengine na hazikuwa tena mali ya Bi. Z. peke yake. Walimweleza ana kwa ana, mbele ya wakili wake. Hakuridhika, lakini hakuupinga uamuzi. Hadi uchambuzi huu unaandikwa pasipoti haijatolewa.

Chombo hicho bado kinarekodi kauli za akiba, ila kimebadilisha maneno yake. Msemaji haahidi tena kwamba hatabadili mawazo. Anakubaliana na wakili wake, bila chumba cha habari kujua, namna ya kuthibitisha kwamba anayeomba kufuta ni yeye na yuko huru, na namna hiyo inaweza kutumika wakati wowote bila kutoa sababu. Karatasi ya safu tatu nayo imeongezwa safu ya nne, inayojazwa pamoja na msemaji kabla kamera haijawashwa, yenye idadi ya watu waliopo ndani ya nchi ambao wangeweza kujua jambo hilo. Ikiwa idadi ni ndogo mno, sentensi haiulizwi kabisa, kwa kuwa kilichorekodiwa kinaweza kuibiwa hata kabla ya kurushwa.